Kapu la Simu

Simu yangu ya kwanza ya kugusa kioo niliivunja kwa mchi wa kinu, na wala sijutii. Niliiweka sakafuni jikoni, nikavua bangili zisinizuie mkono, nikaitwanga kama ninavyotwanga kitunguu saumu, mpaka kioo kikawa chengachenga na betri ikaanza kutoa moshi. Jirani yangu wa chini akaita, "Wapondaponda nini huko juu, yakhe? Dari yanitia vumbi kwenye chai!" Nikamjibu, "Namponda mchongezi!" Nadhani aliona nimeingiwa na wazimu, na siku ile hakuwa mbali na kweli.

Kazi yangu ni kupaka wanawake hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi, hapa hapa nyumbani kwangu Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, ukumbi unaotazama kichochoro. Na mimi ni somo. Somo ndiye mwanamke anayemfunza mwari kabla ya kuolewa: kuoga, kujifukiza udi, kukaa na mume, kunyamaza na kutonyamaza. Ukishakuwa somo wa mtu umekuwa wake maisha. Siri zake ni zako, na mumewe hakuoni. Unaingia arusini kwa mlango wa wanawake umejifunika buibui, unatoka umejifunika vile vile, na bwana arusi akikutana nawe sokoni kesho yake atakupisha kama anavyompisha mama yeyote.

Ukumbini kwangu wanawake hukaa vichwa wazi, nywele chini, wengine na leso tu kifuani, wanacheka maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kwa hiyo simu haziingii. Mlangoni pana kapu la ukindu, kubwa, alilisuka bibi yangu. Kila anayeingia huitia simu yake humo, awe mke wa mwalimu wa chuo au mwenye duka la leso Biashara Street. Mimi mwenyewe hutia yangu wa kwanza, ili asiseme mtu. Nikishazikusanya nalifunika kapu kwa leso, nalisukuma chini ya kitanda changu, na hapo ndipo tunapumua. Miaka yote hiyo haikutoka picha moja nyumbani kwangu. Nilikuwa najivuna nalo lile kapu, wallahi. Nikisikia picha za kesha la watu fulani zimesambaa, nilikuwa nasema, "Kwangu je? Thubutu!"

Sasa, katika wari niliowafunza alikuwako mmoja mdogo, mpole, mwenye mikono mizuri sana. Aliolewa na karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, kijana wa watu, kanzu yake haina doa, anajua kusalimia wazee. Mji mzima ukamsifu. Wakakaa Majengo, chumba na ukumbi.

Idi ya pili baada ya arusi yule mwari akaja nimpake. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaona kidole cha mwisho kimepinda, kimeelekea nje, hakijuani tena na wenzake.

"Hiki kimefanyaje?"

"Mlango, somo."

"Mlango gani huo una hasira hivyo?"

Akacheka. Kisha kicheko kikageuka, akalia mpaka piko ikachuruzika ikaharibu ua lote nililokuwa nimelichora. Mumewe alikishika kile kidole akakitia kwenye bawaba, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kwa sababu ya namba asiyoijua aliyoiona kwenye simu ya mkewe. Kila jioni akirudi kazini, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kunywa, hunyoosha mkono: lete simu. Akaisoma yote mbele yake. Na akishaisoma, akiwa na hamu ya kumpiga mkewe, humpiga hata kama hakupata kitu.

Nikamwambia, "Siku ukichoka njoo kwangu. Usibishe hodi, sukuma mlango."

Alichoka mapema kuliko nilivyodhani. Alikuja asubuhi moja mume akiwa kazini, uso umefura upande mmoja, mkononi mfuko wa nguo na ile simu. Akaniambia mumewe ameapa kwamba akiondoka atamtafuta amchinje, na amelisema hilo kwa sauti ya chini, anakunywa chai, bila hata kukunja uso. "Ataniua, somo. Si maneno tu." Nikamwamini. Nimewaona wanaume wanaopiga kelele na nimewasikia wale wanaonong'ona, na wanaonong'ona ndio wa kuogopwa.

Kutoka Majengo mpaka kwangu ni mwendo wa kukohoa. Watu watauliza, mbona hukumpeleka mbali? Nimpeleke wapi? Mamake mgonjwa, yuko mbali, na huko ndiko mume alikokwenda kwanza kumtafuta. Kwangu hakupajua. Hakunijua jina wala sura. Mwari nikamvisha buibui na ninja, yakabaki macho, akawa anatoka na kurudi. Siku moja tulikuwa Makadara tunanunua viazi vya karai, nikamhisi amenishika mkono kwa kucha. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya mwenye chipsi, karibu hivi ningeweza kumvuta ndevu. Tulipompitia, akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa. "Piteni, mama zangu." Tukapita! Tulipofika nyumbani tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye ngazi. Nguo nyeusi ya dukani ilimficha mke mbele ya macho ya mumewe.

Simu ndiyo iliyobaki. Laini tukaitupa, tukanunua nyingine, maana lazima asikie hali ya mamake. Simu yenyewe haikutupwa, kwa nini itupwe, ni nzima. Tukakaa kitandani mimi na yeye na miwani yangu, tukafunga kila kufuli lililokuwamo kwenye ukurasa wake wa ule mtandao wa marafiki. Nani aweza kukuona? Hakuna mtu. Nani aweza kukutafuta kwa namba? Hakuna mtu. Nani aone marafiki zako? Hakuna. Mume akazuiwa asionekane wala asione. Kila tukifunga moja, ile simu inaandika kwa adabu kwamba mabadiliko yamehifadhiwa. Nikasema alhamdulillahi. Na kila wanawake wakija kupakwa, mwari wangu naye, ijapokuwa ni mtu wa nyumbani, alikuwa anaitia simu yake kapuni kama wengine. Heshima ya nyumba.

Mumewe alikuja Alhamisi, baada ya alasiri. Ukumbi ulikuwa umejaa, palikuwa na arusi kesho yake, mikono yote imenyooshwa na piko mbichi. Nikasikia hodi ya mwanamume ngazini, hodi nzuri, ya polepole. Nikaita, "Ngoja hapo hapo, kuna wanawake!" Hakungoja. Akaingia.

Hamjui ni jambo gani hilo. Mwanamume ndani ya ukumbi ule! Wanawake wakalia, wakajitupia leso kwa viwiko maana vidole vimelowa, mwingine akajificha nyuma ya pazia. Yeye hata hakuwatazama. Alinitazama mimi, akainua simu yake. Juu yake palikuwa na sura yangu, ile picha ya ukurasa wangu wa kazi, na namba yangu, na ramani ya nyumba niliyowawekea wateja.

"Wewe sikujui," alisema, kwa ile sauti ya chini. "Sijakuona maishani mwangu. Hatuna jamaa wala rafiki wa pamoja. Lakini simu hii yanionyesha wewe kila siku ya Mungu, na chini yaandika: Huenda unamjua mtu huyu. Huenda unamjua. Nikasema, haya, niende nikamjue."

Na mwari wangu, maskini, hakusikia kitu, alikuwa jikoni. Akatokea na chetezo mkononi, kichwa wazi, anafukiza.

Alimrukia. Alimshika nywele akazizungusha mkononi kama anavuta kamba, akampiga uso kwenye mwimo wa mlango, mara akampiga tena, nikasikia meno. Chetezo kikaanguka, makaa yakamwagika kwenye mkeka. Mimi niliingia jikoni nikatoka na mchi. Sina simile wakati huo, sikulenga pa kumtia adabu, nililenga kichwa. Mungu akataka ukampata begani. Nikapiga tena nikampata mbavuni, akaguta. Na wale wanawake, haki ya Mungu sitawasahau, wale waliokuwa wamejificha, walitoka na leso zinawaanguka, wakamvamia kwa mikono yao mibichi. Bibi arusi mwenyewe alimng'ang'ania shingoni. Mama mtu mzima alimng'ata mkono. Ile kanzu isiyo na doa ikajaa viganja vyeusi mgongo mzima, piko ikamwingia machoni, akawa kipofu anazungusha ngumi. Lakini mkewe hakumwachia. Alimburuta mpaka ngazini, na pale juu akamtupa.

Mlio wa mkono wa mtu ukivunjika naujua sasa. Ningependa nisiujue.

Wanaume wa mtaa walikuwa wameshafika chini. Walimdaka yule mume akishuka, wakampa kichapo mpaka nikaona watamuua, nami nilitamani wamuue, nasema kweli mbele ya Mungu. Lakini wengine hawakupiga wala hawakuamua. Wamesimama wameinua simu. Mwari wangu amelala barazani, nywele zimemwagika, kifua kimekaribia kuwa wazi, mdomo ni damu, mkono umekaa usivyokaa mkono, na watu wanamrekodi. Nilishuka na leso nikamfunika, nikaguta, "Zimeni! Hamna dada? Hamna mama? Zimeni, nyie mbwa!" Hakuzima hata mmoja. Kijana mmoja akasogea upande wa pili ili apate uso vizuri.

Kabla ya magharibi mji wote ulikuwa na ile video. Yule ambaye nywele zake mumewe peke yake ndiye aliyestahiki kuziona, sasa zimeonyeshwa Mombasa nzima kwa mikono ya watu. Tulibonyeza kile kitufe cha kushtaki, mimi, wateja wangu, jamaa zao. Tukajibiwa kwa adabu ile ile kwamba wameitazama na haivunji masharti yao. Kuna waliosema tuchague sisi wenyewe kutoiona. Eti tubonyeze tusiione!

Mume aliwekwa ndani, kisha akatoka kwa dhamana kungoja kesi, bega limefungwa. Akatuma salamu kwa mtu: anaye bado, hajamalizana naye.

Katika wateja wangu yuko mama mmoja wa bara, Mkristo, anafanya kazi ofisi za bandari, nywele zake fupi, hanywi chai isiyo na tangawizi. Alikuja kumjulia mwari hali na juisi ya ukwaju. Nikamweleza jinsi nilivyofunga makufuli yote. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: simu zenu huwa mnaziweka wapi?

Nikalivuta kapu nikamwonyesha.

Alilitazama lile kapu, ndani na nje. Kisha akasema hakuna ajuaye hakika, wenye mitandao hawasemi, lakini kazini kwao watu wamesikia kwamba simu zikilala pamoja kila siku, mahali pamoja, saa nyingi, hujuana. Hujua kwamba wenye simu hizo wanajuana. Na ya mwari wangu ni ile ile iliyokaa kwenye chumba cha mumewe mwaka mzima. "Laini mlibadilisha," alisema, "lakini simu ni ile ile. Imetoka kwa mume ikaja kulala na yako. Na yale makufuli ni ya kufungia watu wengine. Wenye mtandao wenyewe hayawafungii."

Kapu la bibi yangu! Leso niliyolifunikia! Nilizilaza simu zile ubavu kwa ubavu chini ya kitanda changu kama watoto wa tumbo moja, nikidhani nimezitia jela. Yule mama alipoondoka ndipo nilipouchukua mchi, ule ule, nikaitwanga simu yangu, kisha nikatwanga na ya mwari.

Mkono ulipotolewa plasta haukunyooka. Akaniambia anaondoka. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Usijue, somo."

"Mimi? Nisijue mimi?"

"Ukijua itaonekana kwamba wajua. Sijui vipi, lakini itaonekana."

Nimemfunza mtoto huyu mpaka namna ya kulia bila mume kusikia, na sasa hanipi hata jina la mji. Nilimkasirikia, nikamsukuma, nikamkumbatia, tukalia sote wawili. Alfajiri akaenda, buibui na mfuko, bila simu.

Wanawake wangu nao wakabadilika. Kapu tuliliacha, mtu simu yake aiache kwao. Kila mmoja akawa na kisa. Huyu aliongea habari za godoro na mumewe, wakaletewa matangazo ya magodoro wiki nzima. Yule alikwenda kwa daktari wa tumbo bila kumwambia mtu, simu ikaanza kumletea nguo za watoto. Mwingine huifunga yake kwenye karatasi ya kuokea kuku, tukamcheka, "We, itaiva hiyo!" Tulicheka, ndiyo. Lakini hakuna aliyekuwa akicheka kama zamani, na mkono ukitua kwenye pochi unaona mtu anajiuliza kama kweli ameiacha nyumbani.

Mimi nami nikanunua nyingine. Nifanyeje, wateja wote wako humo, na namba yangu ndiyo ile ile wanayoijua. Nikarudi kwenye ukurasa wangu, nikatoa ramani, nikafunga makufuli kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Basi mwaka huu, asubuhi, nakunywa chai na mbaazi, ukanitokea ule mstari: huenda unamjua mtu huyu. Jina silijui. Sura hakuna, mji tu umeandikwa chini. Picha yenyewe ni bakuli la viazi vya karai na ukwaju, vya kuuza, na mkono umelishika bakuli. Mkono mzuri. Kidole cha mwisho kimeelekea nje.

Furaha ilinijia kwanza, siwezi kukataa, nikasema yu hai, mwanangu yu hai! Kisha furaha ikakatika. Maana kama imenionyesha mimi, inamwonyesha nani mwingine? Kesi ile ilikuwa imeshaanguka, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe hayuko. Mume yuko Majengo, anakula, analala, na simu yake mkononi.

Nikataka kumwandikia. Kidole kikawa juu ya kioo, nikakirudisha. Nikimwandikia nimeikaza kamba inayoziunga simu zetu. Nisipomwandikia hajui. Nilikaa pale nikiitukana ile simu matusi ambayo sikuwafunza wari wangu. Mwisho nikaiacha juu ya kitanda, inachaji, ione niko nyumbani nimelala, nikavaa buibui nikaenda stendi ya basi.

Mji wenyewe ni wa bara na sitautaja hata hapa. Nilifika kuna baridi, nikauliza sokoni kwa kinywa changu, mtu kwa mtu, mama wa pwani auzaye viazi. Wakanielekeza nyuma ya soko, chumba cha mabati. Nilibisha. Akafungua na mwiko mkononi.

Alipiga ukelele, akanirukia, akanipaka unga buibui zima. Amenenepa! Meno ya mbele hayapo, lakini anacheka hivyo hivyo. Akanikalisha, akanipa kiazi cha moto, akanitia ukwaju, akanisimulia wateja wake na mwenye nyumba na mvua. Niliacha asimulie. Sikuwahi kula kitu kwa shida kama kile kiazi.

Kisha akasita. Niliona lile swali likimjia usoni.

"Somo, nani kakwambia niko hapa?"

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu."

"Basi umejuaje?"

"Simu imenionyesha."

Aliketi. "Sikumpa mtu namba," akasema. "Simu mpya, jina jipya, sikumtafuta mtu yeyote. Nimeiandika namba yako tu. Sikukupigia hata mara moja. Niliiweka tu, nikisema, likinipata jambo ninaye mtu wa kumwita."

Namba yangu. Ile ile aliyonayo mumewe simuni mwake tangu Alhamisi ile. Tulitazamana, naye akaielewa kabla sijasema.

"Na yeye je, imemwonyesha?" aliuliza.

Aliinuka, akaliepua karai, akazima jiko, akavuta mfuko wake uvunguni akaanza kukunja nguo. Mkono ule uliovunjika haukunji vizuri, nikamsaidia. Tulipomaliza aliichukua simu yake, akalitafuta jina langu, akalifuta nikiwa nimesimama pale pale mbele yake. Kisha akaniomba nimfungie ninja kwa nyuma, kwa kuwa mkono haufiki.